Viti vya ngozi au vya kitambaa? Mwongozo kwa anayenunua gari la kila siku

Wauzaji wengi wa magari yaliyotumika yanayoletwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huvitaja viti vya ngozi kama sifa ya kupandishia bei. Mnunuzi anayeegesha juani na kukaa foleni kila siku ana haki ya kuihoji sifa hiyo kabla ya kuilipia.

Nafasi ya kwanza naipa viti vya kitambaa. Kitambaa hupitisha hewa na kunyonya jasho, hakiunguzi mapaja ya mtoto aliyevaa kaptula, na kikichanika fundi wa viti hubadilisha kipande kilichoharibika tu. Ubaya wake ni madoa, kwani maziwa yakimwagika huzama hadi kwenye sponji na harufu haitoki upesi. Kava za pamba zinazofulika hupunguza hilo, mradi zisifunike ubavu wa kiti penye mfuko wa hewa (airbag) unaofumuka gari linapogongwa.

Ya pili ni ngozi halisi yenye matundu madogo na feni ndani ya kiti. Iwashe feni hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu ikiwa imekufa unabaki na matundu yanayokusanya vumbi na makombo.

Ya tatu ni ngozi bandia ya vinili, aina ya plastiki, ambayo nawashauri zaidi madereva wa teksi na wazazi wenye watoto wadogo kwa kuwa hufutika kwa kitambaa chenye maji, ingawa haipitishi hewa na hukakamaa baada ya miaka mingi ya jua. Ile ya poliurethani (plastiki nyingine, huandikwa PU) ya bei rahisi iepuke kabisa: joto na unyevunyevu wa pwani huidhoofisha, ikaanza kubanduka magamba yanayoganda kwenye nguo.

Ngozi halisi isiyo na matundu naiweka mwisho, japo inapendeza machoni. Gari likishinda juani, mgongo wa shati hulowa kabla kiyoyozi hakijapoza chochote, na katika miji ya baridi kama Njombe au Limuru kiti hicho hicho huwa baridi mno alfajiri. Ngozi ya rangi ya maziwa hunyonya rangi ya suruali mpya za jinzi. Tazama pia ubavu wa kulia wa kiti cha dereva, upande wa mlango: hapo ndipo mwili husugua kila anapoingia na kutoka, na ndipo rangi huanza kufifia, kisha mipasuko midogo ikafuata. Vumbi la barabara za udongo huharakisha uchakavu huo, hivyo lazima liondolewe kwa kifyonza vumbi kabla ya kufuta kwa sabuni isiyo kali. Kupaka mafuta ya mgando hakusaidii, kwa sababu ngozi nyingi za magari zina tabaka la rangi lisilopitisha mafuta, na utelezi unaobaki juu hunasa vumbi zaidi.

Usilipie ngozi usiyoikagua. Magari mengi yana ngozi halisi katika sehemu za kukalia na kuegemea pekee, huku pembeni na nyuma pakiwa na vinili. Pindua ukingo ulio wazi chini ya kiti: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi kama za suede (ngozi yenye vinyweleo laini), na ya bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa. Gari likiwa zima kwa injini na bodi lakini lina viti vya ngozi, lichukue kwa bei ya gari la viti vya kitambaa, kisha utenge fedha za kava za pamba na kizuia jua cha kioo cha mbele.