Kufundisha darasani, au kuwafundisha wanangu nyumbani?

Darasa la Kwanza nililoliacha hapa Dodoma lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Mtoto aliyechanganya b na d nilimgundua baada ya wiki kadhaa, tena kwa bahati, nikisahihisha rundo la madaftari usiku. Nyumbani, Nkuhungu, ninao wawili, wa miaka 4 na 6. Mkubwa alipochanganya herufi hizohizo, nilimwekea ungo wenye unga wa uwele, akachora kwa kidole, akafuta, akachora tena. Siku ya tatu akaniita: "Mama, b tumbo lake liko mbele!" Darasani nisingeipata nafasi hiyo hata kidogo.

Ila shule ina wenzao. Mchakamchaka wa asubuhi, zamu za kufagia, kugombana na kupatana: hayo siwezi kuyatengeneza sebuleni, na ninaona jinsi wanangu wanavyoyatamani wanafunzi wakipita njiani.

Kwa upande wa fedha, shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kubaki nyumbani kumenigharimu mshahara wangu wote, na hilo linauma kila mwisho wa mwezi.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha miaka 7. Kwa hiyo kwangu nyumbani kunashinda kwa umri huu mdogo tu. Januari mkubwa anaanza shule. Mimi nitabaki na jioni, ungo na mdogo wake.