Ndege Rukh katika duka la picha la Mji Mkongwe

Katika duka dogo la picha lililopo mtaa wa Gizenga inauzwa nakala ya mchoro ambao, kwa maoni yangu, kila Mzanzibari aliyekua akisimuliwa safari za Sindbad angefaa kuutazama kwa utulivu. Asili yake ni kazi ya Johannes Stradanus, iliyochongwa kwenye bamba la shaba mwishoni mwa karne ya 16, na inamwonyesha nahodha Mreno Ferdinand Magellan melini akipita mlangobahari wa kusini mwa Amerika, alioupita mwaka 1520. Angani yuko ndege mkubwa mno, naye amembeba tembo mzima katika kucha zake.

Duka limebandika maelezo yasemayo kwamba huyo ni Rukh wa Sindbad, na hapo ndipo mnunuzi anapopotoshwa, kwani Sindbad hayumo kabisa. Marco Polo, msafiri wa Venisi, alimtaja ndege huyo kuwa anaonekana upande wa Madagaska, yaani katika bahari yetu hii, na Antonio Pigafetta, aliyesafiri na Magellan, aliandika habari alizozisikia Mashariki za ndege anayenyakua tembo. Mchoraji amemchukua ndege wa huku akampeleka Amerika. Hali kadhalika, jitu lililosimama ufukweni likijitia mshale kooni halifanyi uchawi: Pigafetta alieleza kwamba watu wa Patagonia, nchi ya kusini kabisa mwa Amerika, walifanya hivyo ili watapike walipoumwa na tumbo. Apollo, mungu wa muziki wa Wayunani, aliyemo mchoroni na kinubi chake, kwa upande mwingine, ametoka kwa washairi wa Kiyunani, akawekwa hapo kumtukuza nahodha. Mtu akishatenganisha viumbe walioletwa na wasafiri na wale walioletwa na washairi, mchoro wote unasomeka, na uzuri wake unazidi.

Uchapaji ni mzuri sana. Hata mistari myembamba ya mawimbi imetoka wazi bila kuchanganyika. Fremu ndiyo yenye kasoro, kwa sababu karatasi imegusana na kioo, na kwa unyevu wa masika yetu itashika kuvu upesi. Muuzaji, ambaye ni mtu muungwana, alikubali kuweka ukanda wa kadibodi katikati bila kuongeza bei. Atakayenunua aliombe hilo kabla ya kulipa, au achukue nakala isiyo na fremu, ambayo ni nafuu zaidi.