Albamu za filamu ninazosikiliza gizani, hapa Bukavu

Filamu ya The Mission niliiona miaka mingi baada ya kuujua muziki wake kwa moyo. Yaya, yaani mkubwa wetu nyumbani, alikuwa na kaseti iliyoandikwa jina kwa kalamu tu, haina picha wala maelezo, na sisi wadogo pale Kadutu tuliamini ni muziki wa misa kutoka nchi ya mbali. Mama alituachia tuipige hata Jumapili asubuhi, ruhusa ambayo rumba haikuipata nyumbani kwetu. Leo ninayo kwenye simu. Umeme ukikatika jioni naizima taa ya simu ili nisimalize chaji, naweka vipokea sauti masikioni, nasikiliza. Hapo ndipo ninapoipima albamu yoyote ya filamu: je, inasimama gizani, bila picha?

The Mission inasimama. Ennio Morricone aliitunga kwa ajili ya filamu ya Roland Joffé ya mwaka 1986, inayohusu mapadri Wajesuiti na Waguarani wa Amerika Kusini katika karne ya 18. Albamu ina vipande 20. Watu wengi watakutajia "Gabriel's Oboe", na wana haki. Oboi ni ndugu wa zumari, inapulizwa kwa ulimi wa tete vilevile, na Morricone ameiacha ipumue kama mtu anayesali peke yake. Mara ngapi nimeona maharusi wakiingia kanisani kwa wimbo huo, ukipigwa kwa kinanda, na wageni wote wakanyamaza!

Lakini kwangu kilele ni kipande cha kwanza, "On Earth as It Is in Heaven". Humo vitu vitatu vinakutana: kwaya inayoimba Kilatini, ngoma, na wimbo uleule wa oboi. Kila kimoja kina mwendo wake, hakuna kinachomsubiri mwenzake, na bado havigongani. Nasema hivyo kwa sababu tulijaribu kukiimba kwenye kwaya ya parokia. Tuliopiga ngoma tulishika siku ya kwanza, maana mikono yetu imezoea. Sauti za juu zilishika Kilatini baada ya majuma mawili. Kuviunganisha ndiko kulikotushinda: kila ngoma ilipoingia, waimbaji waliifuata ngoma, na wimbo wote ukageuka kuwa wa maandamano ya matoleo. Mwalimu wetu alitusimamisha, akatuambia tufumbe macho na kila mtu ashike njia yake. Mara moja tu, tena katika mazoezi, tuliufikisha mwisho. Tangu siku ile nikisikia ile rekodi ya London Philharmonic najua ni kazi kubwa kiasi gani imefichwa ndani yake.

Ina udhaifu, na nitausema. Vipande vya katikati kama "Remorse" na "Penance" ni vizito, vinatambaa, na asiyeiona filamu anaweza kuchoka. Mimi navisikiliza, ila simpi mgeni aanzie hapo. "Miserere" ya mwisho ni karibu dakika moja tu, nami natamani ingekuwa tatu.

Inaniuma kwamba tuzo ya Oscar ya muziki ya mwaka ule ilikwenda kwingine, kwa Herbie Hancock na muziki wake wa filamu ya Round Midnight. Si muziki mbaya hata kidogo, lakini Morricone alingoja mpaka 2016, akiwa na miaka 87, ndipo akaipata ya kushindaniwa. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyeandika muziki wa Once Upon a Time in the West kabla filamu haijapigwa, mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga pale mahali pa kazi ili waigizaji watembee kwa mwendo wake. Nilipojua hilo nilifurahi sana: sikuwa peke yangu niliyeanza na muziki. Humo sikiliza "Man with a Harmonica", ile harmonika inayolia kama mtu aliyekabwa koo.

Black Panther ya Ludwig Göransson naipenda kwa kipande kimoja, "Wakanda", kwa sababu ya sauti ya Baaba Maal wa Senegali inayokipasua. Vingine vinahitaji picha.

Sasa ya kwetu. Around Félicité, ya 2017, imetoka katika filamu ya Alain Gomis iliyopigwa Kinshasa. Ni muziki wa kundi la Kasai Allstars: likembe, zile ala za ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, zilizounganishwa na vikuza sauti mpaka zinakwaruza, magita, na sauti ya Muambuyi. Kwenye filamu mwigizaji ni Véronique Beya Mputu, lakini anapoimba unamsikia Muambuyi. Katikati ya joto hilo inaingia Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa na muziki wa mtunzi Arvo Pärt wa Estonia, mtulivu kama ziwa alfajiri, kisha likembe zinarudi. Mpangilio huo umenishika kuliko albamu yoyote mpya. Sehemu ya pili, ile ya nyimbo zilizochezewa upya na watengenezaji wa muziki wa dansi, mimi naipita. Zimeondoa ule mkwaruzo, na mkwaruzo ndio utamu.

Angalizo kwa wanaosikiliza kwa spika ya simu yenyewe: ngoma za chini za "On Earth" zinapotea kabisa, na likembe zinabaki kelele. Tafuta hata vipokea sauti vya bei ndogo vya waya.

Moja bado sina nakala nzuri: muziki wa La Vie est belle, filamu ya 1987 ya Benoît Lamy na Ngangura Mweze, mzaliwa wa hapa Bukavu, ambamo Papa Wemba anaigiza Kourou. Yangu ni ya mkanda uliovutika, sauti ya Papa Wemba inapanda na kushuka mahali ambapo hakuipandisha. Mwenye santuri yake hapa mjini, iwe Nguba au Panzi, nitakuja na mashine ya kunakili mwenyewe.