Tahadhari kwa wanaoleta mizigo Kampala: "hela ya ukaguzi" inayodaiwa kwa simu ni wizi

Ndugu zangu mnaoagiza mali China na Dubai kupitia Mombasa, hasa nyie wa mtaa wa maduka wa Kikuubo, na nyie Wakongomani mnaopitisha mizigo Uganda kupeleka Beni na Bunia, someni hapa kabla hamjampa mtu hati zenu. Kuna mtu anazunguka maduka ya chini mjini akijiita wakala wa forodha. Ana kitambulisho shingoni, ana kizibao cha kung'aa, na bei yake ni ndogo kuliko ya mawakala wote mnaowajua. Ameshaumiza watu wa kwetu: mama mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki, na kijana wa vitambaa. Jina lake sitaliandika kwa kuwa kesi iko polisi, ila mbinu yake naieleza yote, maana akibanwa hapa atajitokeza kwingine na jina jingine.

Anaanza kwa upole. Anachukua hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi na namba yako ya mlipakodi, ile TIN, kisha anapokea fedha ya kodi mkononi. Baada ya hapo anakaa kimya. Mzigo ukikaribia Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, ndipo simu inalia, mara nyingi jioni ofisi zikiwa zimefungwa. Anakwambia mzigo umeangukia njia nyekundu, maofisa wamekata lakiri (ile muhuri inayofunga kontena), wanataka kushusha kila boksi, na usipotuma hela usiku huohuo mali inataifishwa asubuhi. Anakupa "ofisa" uongee naye. Anatuma picha ya kontena lililofunguliwa milango. Picha aliyotumiwa yule mama na aliyotumiwa yule kijana ni ileile moja. Ukituma, kesho inazuka hela ya skana, keshokutwa faini ya thamani, na kila mara namba ya kupokea imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi.

Huyu anakula kwenye woga wetu wa neno ukaguzi. Mfumo wa forodha wa Uganda, ASYCUDA, hupanga matamko, yaani fomu za kueleza mzigo kwa forodha, kwa rangi. Kijani mzigo unaachiwa, njano hati zinapitiwa, bluu unaachiwa na hesabu zinaweza kukaguliwa baadaye, nyekundu mali yenyewe inafunguliwa na kutazamwa. Kuangukia nyekundu hakumaanishi umeshtakiwa. Ofisa anahesabu, analinganisha na ankara na orodha ya vifurushi, anatazama kama bidhaa imetajwa kwa jina na namba yake sahihi ya ushuru na kama thamani inaaminika. Hati zako zikiwa za kweli, unachopoteza ni muda. Gharama za wapagazi, mashine ya kunyanyua au kukaa bandari kavu ni kweli humwangukia mwenye mali, lakini hulipwa kwenye dirisha la bandari kavu yenyewe na unapewa risiti. Na mzigo wa halali hautaifishwi kwa usiku mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa muda kabla mali isiyoondolewa haijapelekwa ghala la forodha, na hata huko hutolewa tangazo kabla ya mnada.

Kumbukeni pia kwamba tangu Himaya Moja ya Forodha, mpango wa forodha wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki, ilipoanza mwaka 2014, mali ya kutumika Uganda kwa kawaida hutamkwa na kulipiwa kodi huku kontena likiwa bado bandarini Mombasa. Mtu akikudai kodi mpya ati lori limefika Malaba, muulize imetoka wapi. Wakongomani nao wajue kwamba mzigo wa kupita husafiri kwa dhamana na lakiri ya kielektroniki. Wakala anayekudai ushuru wa Uganda kwa mali inayokwenda Beni anakuibia waziwazi.

Kila shilingi inayokwenda Mamlaka ya Mapato, URA, ina namba ya malipo, PRN. Hiyo namba unaweza kuiangalia mwenyewe kwenye tovuti ya URA, ukaona ni ya kodi gani, ya kiasi gani, na kama imelipwa. Unailipa benki au kwa simu, na mpokeaji ni URA. Dai lisilo na PRN wala risiti ya bandari kavu, usilitume hata kama anayepiga analia.

Lililonitisha zaidi, na ambalo wengi hawalijui, ni wizi wa thamani. Tuseme mali yako ni ya dola 8,000 na ushuru wake ni asilimia 25. Ushuru ni dola 2,000, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya 10,000 na kuwa 1,800, jumla 3,800 ukiacha tozo nyingine. Anachukua hizo 3,800 kwako, kisha anatengeneza ankara ya uongo ya dola 3,000 na kulipa 1,425. Dola 2,375 zimeingia mfukoni mwake, na tamko lina TIN yako. Sheria inamhesabu mwenye mali kuwa anawajibika kwa alichofanya wakala wake, na forodha inaweza kudai kodi iliyopungua hadi miaka mitano nyuma. Yule mama wa vipuri sasa ana barua ya madai mkononi, na kodi alishaitoa yote. Inauma sana kumwona akianza upya na watoto wako shule.

Kwa hiyo daini nakala ya tamko la forodha lenyewe, mtazame thamani na TIN kabla ya kulipa. Wakala wa kweli ana leseni ya URA, na leseni hizo huisha Desemba 31 kila mwaka, hivyo kitambulisho cha zamani si kitu. Orodha ya wenye leseni ipo kwa URA. Mpeni mamlaka ya maandishi kwa mzigo mmoja. Akikwambia maofisa hawataki kumwona mwenye mali kwenye ukaguzi, nendeni wenyewe kwenye ukaguzi haraka zaidi.

Wanaochangia kontena ndio wako hatarini kuliko wote, kwa sababu tamko linaweza kuwa kwa jina la mkusanyaji, yule anayeunganisha mizigo ya watu wengi, na wewe huna pa kuchungulia. Hapo daini sehemu yenu iandikwe kabla hamjalipa, na risiti yenye jina lenu.

Kama umeshatuma hela, usifute ujumbe wala picha. Toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo, kisha piga URA bure 0800 117 000. Na kama huyu bwana ana hati zako sasa hivi, nenda ofisi ya forodha na TIN yako uulize matamko yote yaliyowekwa kwa jina lako, hata ya mizigo usiyoijua.