Nimezijaribu seti tatu za karata za mazingaombwe: ununue ipi, na nani aliibuni?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina boksi hili jekundu, na ndani yake mna seti tatu za karata. Ukizitazama kwa juu ni karata kama zile za dukani kwa Mangi. Migongo ni ileile, ukubwa ni uleule. Lakini hakuna hata moja kati ya hizi tatu unayoweza kukaa nayo barazani ukacheza mchezo wa haki.

Nimekaa nazo wiki sita. Nimezichezea nyumbani, nimezichezea ofisini wakati wa chai, na nilipokwenda Tanga kwa ajili ya Idi nikazibeba. Nitawaambia ipi inastahili pesa zenu. Ila kuna jambo limeniuma tangu nilipolifungua boksi: halina jina la mtu. Kuna karatasi ya maelekezo, kuna picha ya sungura anatoka kwenye kofia, jina la aliyebuni hakuna. Vitu hivi havikuota shambani jamani. Kuna watu waliviumizia kichwa, na tunawajua. Kwa hiyo leo kila seti ninaichambua pamoja na mwenyewe.

Halafu, siri nitazieleza. Najua wapo watakaonilaumu, kwamba nawaharibia wanamazingaombwe kazi. Mwaka 1584 kule Uingereza, bwana mmoja wa Kent aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu kizima cha kupinga imani ya uchawi, na ndani yake akafunua mbinu za wachezeshaji wa zama zake, za karata zikiwemo. Wakati huo watu walikuwa wananyongwa kwa tuhuma za uchawi, na yeye alitaka msomaji aone kwamba mengi yanayoshangaza ni kazi ya vidole tu. Sasa na sisi tuambiane ukweli: kwetu kuna bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Mimi nikiweka karata mezani, neno la kwanza ni hili: haya ni mazingaombwe, ni mikono na mkasi. Ndipo naanza.

Haya, seti ya kwanza. Hii inaitwa Svengali.

Sikilizeni. *Trrrr.* Mmeona? Karata tofautitofauti, kopa, pau, uru, shupaza. Sasa nazipitisha tena, namwambia mtu azuie kwa kidole popote anapotaka. Amezuia hapa. Saba ya uru. Narudisha, napitisha, anazuia kwingine. Saba ya uru. Mwisho nazionyesha zote, na zote ni saba ya uru.

Siri yake ni kwamba kati ya karata 52, 26 ni za kawaida na zote ni tofauti, na 26 zilizobaki ni karata moja iliyorudiwa. Hizo 26 zimekatwa fupi kidogo sana, na zimepangwa moja kwa moja: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Ukiziachia kwa ncha ya kidole zinaanguka mbilimbili, ile fupi ikijificha nyuma ya mwenzake. Ukizipitisha upande wa pili, fupi ndizo zinazojitokeza.

Aliyeibuni seti hii, na aliyeipigania kama mali yake mpaka uzeeni, ni Mmarekani Burling Hull, aliyezaliwa mwaka 1889. Yeye alisema aliitoa mwaka 1909, maana yake alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Jina alilichukua kwa mhusika wa riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1894, mtu mwenye uwezo wa kuipumbaza akili ya msichana akaifanya atakavyo. Hull alikuwa mtu wa kujitangaza, alijiita Edison wa mazingaombwe, na aligombana na wenzake kuhusu nani alibuni nini. Lakini ujanja wa kurasa zinazobadilika ukizipitisha kidoleni ni wa zamani kuliko yeye. Scot mwenyewe alieleza kitabu cha aina hiyo, unapuliza, unafungua, picha zimebadilika. Nadhani ubora wa Hull ni kuutia ujanja huo kwenye kitu ambacho kila mtu anacho nyumbani.

Na ndiyo maana imeuzwa sana. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanamazingaombwe wa Chicago, Marshall Brodien, aliitangaza kwenye televisheni, ikaingia majumbani kwa watoto wasiohesabika.

Je, inafaa? Kwa mtu anayeanza, ndiyo. Utaijua ndani ya nusu saa. Lakini hii yangu imekatwa ovyo. Angalieni hapa, naisogeza karibu na kamera: hii fupi imekatwa sawa, na hii ina vinyuzi pembeni kama kitambaa kilichochanwa. Vinyuzi hivyo vinashika, na zikishika hazianguki mbilimbili, unaumbuka.

Kibaya zaidi, haivumilii mkono wa mjuzi. Tanga nilimchezea babu mmoja jirani yetu, mtu aliyepiga karata barazani tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamwambia, babu, zuia hapa. Akazuia mara mbili, saba ya uru mara zote mbili. Mara ya tatu hakuzuia. Alinyoosha mkono akazichukua, akazigonga mezani zikasawazika, kisha akapitisha dole gumba juu ya ncha, taratibu, kama mtu anayepima makali ya kisu. Akanitazama. "Mjukuu wangu, hizi nusu zimekatwa." Akanirudishia, akaendelea na kahawa yake.

Seti ya pili ni hii ya mshazari. Hapa zote 52 ni halali, hakuna iliyorudiwa, na mtu akizikagua moja moja haoni kitu. Lakini kila karata imepunguzwa pembeni, upande mmoja ni mwembamba kuliko wa pili, kwa kiasi kisichofika milimita moja. Zikikaa zote upande mmoja, ni kama karata yoyote. Mtu akichagua moja, ukaigeuza seti kimyakimya kabla hajairudisha, ile yake inakaa kinyume na wenzake. Hata zikichanganywa vipi, vidole viwili pembeni vinaihisi imejitokeza. Unaivuta.

Hii haikuanzia kwa wanamazingaombwe, ilianzia kwa wezi wa kamari. Wafaransa waliziita *biseautées*, na Robert-Houdin, fundi saa wa Blois aliyeyapa mazingaombwe heshima ya jukwaani, mwaka 1861 alitoa kitabu kizima cha kuwafichua wanaoiba kwa karata. Hata kwetu, wale wa pata potea pale stendi, wanaoweka karata tatu juu ya boksi na kukuambia uifuate ile yenye picha, ni wa ukoo huohuo, ingawa wao hawahitaji karata zilizokatwa. Kwa hiyo nasema bila kupindapinda: seti hii usiipeleke mahali penye pesa mezani. Hata mia mbili.

Mmoja wa walioitoa kwenye giza la kamari wakaifanya chombo cha burudani ni Theodore DeLand wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1873. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha serikali cha sarafu. Mchana yuko kwenye kazi ya sarafu, jioni anabuni karata, na alibuni nyingi mno, vipande viwili, vitatu, vinne vyenye picha zilizochorwa kiajabu, vya kuuzwa kwa senti chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 akaunganisha mambo mawili kwenye seti moja: ukataji wa mshazari, na alama ndogo kabisa zilizofichwa ndani ya michoro ya mgongo, ili anayejua kusoma aijue karata bila kuigeuza. Baadaye seti hiyo ilitoka kwa S. S. Adams wa New Jersey, yule wa unga wa kupigisha watu chafya, ikauzwa miaka na miaka. DeLand mwenyewe akili ilimwelemea, akaishia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, akafariki mwaka 1931. Kila nikiitazama michoro yake, ule utulivu wa mkono, nusu saa ya kutafuta kijidoti kimoja tu, namsikitikia mno.

Hii yangu ya kwenye boksi ni mshazari bila alama. Ukataji ni safi, mzuri kuliko wa Svengali. Inahitaji mazoezi lakini, maana mtu akiigeuza seti bila wewe kujua umekwisha.

Sasa hii ya tatu. Hii ndiyo iliyonifanya niwashe kamera.

Namwambia mtu: hapa mkononi nina karata zisizoonekana. Zipokee. Changanya. Chagua moja, itazame, itaje kwa sauti. Anasema tano ya kopa. Namwambia igeuze kichwa chini, irudishe ndani. Halafu natoa karata za kweli kwenye boksi lake, nazitandaza, zote zinatazama juu isipokuwa moja. Naivuta ile moja. Tano ya kopa.

Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza kabisa.

Aliyeibuni ni Joe Berg, aliyekuwa na duka la vifaa vya mazingaombwe Chicago, mwaka 1936. Seti hii mwanzoni iliitwa Ultra Mental. Karata zimepangwa jozi jozi, mgongo kwa mgongo, moja inatazama juu na mwenzake anatazama chini. Migongo imepakwa dawa inayoifanya iwe na mkwaruzo, kwa hiyo ukitandaza kwa mkono mwepesi jozi haiachani. Unaona sura za karata 26 na unaamini umeziona zote. Ukikandamiza kidogo kwa dole gumba jozi moja inafunguka, na mgongo wa ile iliyojificha unachungulia.

Unajuaje ni jozi ipi? Hapa ndipo nilipompenda Berg. Ukiwaacha wafalme, kila jozi jumla yake ni 13. Kopa ameoa shupaza, pau ameoa uru. Ukitajiwa tano ya kopa unatafuta nane ya shupaza, na nyuma yake ndiyo ipo. Ree ni moja, jeki ni 11, malkia ni 12, mfalme kwa mfalme. Na kwa kuwa 13 ni witiri, kila jozi yenye jumla hiyo ina shufwa mmoja na witiri mmoja, hivyo upande mmoja wa seti unaonyesha shufwa na wa pili witiri. Ukisikia karata imetajwa unajua boksi ulitoe upande upi. Hakuna kukariri karata 52. Mtoto wa darasa la nne anaiweza hesabu hii. (Na majina haya, kopa, shupaza, pau, uru, tuliyarithi kwa Wareno. Karata za Chicago zinachezewa Tanga kwa maneno ya Lisbon.)

Kabla ya Berg, mmoja wa waliofungua njia ya karata zilizotengenezwa maalumu alikuwa Johann Nepomuk Hofzinser wa Vienna, mtumishi wa serikali kwenye mambo ya fedha, aliyewachezea wageni waalikwa sebuleni. Alitumia karata zenye sura mbili, na karata kwake zilikuwa mashairi ya mazingaombwe. Alipofariki mwaka 1875, mkewe alizichoma karatasi zake, kama alivyousiwa. Tunachokijua leo kingi kilikusanywa kwa wanafunzi wake na Ottokar Fischer, akakichapisha mwaka 1910, miaka 35 baadaye. Fikiria kazi ya maisha ikiokolewa kutoka kwenye vichwa vya watu waliokaa karibu na meza yako.

Kasoro za hii ya tatu zipo. Humpi mtu aikague, hata sekunde moja. Na unyevu wa pwani hauipendi: wiki ya tano jozi zilianza kugandana kupita kiasi, nikawa nakandamiza mpaka kidole kinatetemeka. Nimeiwekea kile kifuko cha punje za kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu, na sasa imetulia. Nawa mikono kwanza, ifute, usiishike baada ya chipsi.

Nilimrudia babu na hii. Akataja mbili ya pau. Nikatafuta jeki wa uru, nikakandamiza, mgongo ukatokea, nikamwambia ageuze mwenyewe. Aliishika ile mbili ya pau, akaipapasa pembe zote nne kwa dole gumba, akakuta ni nzima. Akaipapasa tena. Kisha akamwita mkewe kutoka ndani aje atazame.

Kwa hiyo kama mnauziwa moja moja, chukueni ya Berg. Svengali mnunulieni mtoto, ila fungueni boksi palepale dukani mtazame ncha kabla ya kulipa. Ya mshazari ni ya mwenye subira. Nami hapa juu ya boksi langu nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, sijui kama mnasoma vizuri kwenye kamera: Hull, 1909. Berg, 1936. Kwenye ile ya mshazari nimeandika DeLand, na kabla ya jina lake nimeacha nafasi ya wale walioikata kwanza, ambao kazi yao ilikuwa kutojulikana.