CT ya kusimama na eksirei ya kutembea: uzoefu wangu na kifundo cha mguu

Kama kifundo cha mguu kinakusumbua ukitembea lakini kila picha unayopigwa umelala inarudi na majibu kwamba huna kitu, CT ya kusimama (eksirei ya pande tatu inayopigwa ukiwa umesimama) inastahili hela yake. Nimeanza na hilo kwa faida ya wenye haraka. Kipimo cha pili nilichopitia, kile cha kupigwa eksirei huku unatembea, kinashangaza zaidi, ila usikifuate ukitegemea kutibiwa.

Naishi Marekani. Kifundo cha kulia kimeteguka mara nyingi kwenye mpira wa Jumapili na Watanzania wenzangu, kikafikia hatua ya kukunja hata nikishuka ngazi tupu. Eksirei ya kawaida, mguu umelazwa mezani, ilionyesha mifupa mizima. MRI, yaani picha ya sumaku, ikasema ligamenti za upande wa nje (kamba zinazoshikanisha mifupa) zimelegea, jambo ambalo nilishalihisi bila mashine. Daktari wa mifupa ndiye aliyeniandikia CT ya kusimama.

Usifikirie lile pipa unaloingizwa umelala chali. Hii ni jukwaa la chini, unapanda kwa miguu yako, unashika vyuma vya pembeni, na sehemu yenye umbo la pete inazunguka miguu yako kwa muda usiofika dakika. Mpiga picha alisisitiza nisimame kama ninavyosubiri basi, uzito sawa miguu yote miwili, nisining'inie kwenye vyuma. Kisha akarudia tena, maana mwenye maumivu huuhurumia mguu mbovu bila kujijua, na picha ya namna hiyo haina faida. Wanaoogopa mionzi: kwa mguu ni mikrosivati (kipimo cha dozi ya mionzi) chache tu, wakati mazingira yenyewe hutupatia wastani wa kama 2,400 kwa mwaka.

Majibu ndiyo yaliyonifanya niandike. Nikiwa nimesimama, mfupa wa kisigino changu cha kulia unainama kuelekea ndani, kwa hiyo uzito unaangukia ukingo wa nje wa wayo, na kila jiwe dogo linamalizia kazi. Mguu ukilala, mfupa unarudi mahali pake na huoni kitu. Tangu hapo matibabu yakabadilika: soli ya ndani iliyoinuliwa upande wa nje, mazoezi ya misuli ya pembeni ya muundi, na kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki. Kifundo kinakunja mara chache sana sasa.

Kero ni malipo. Bima ilikataa mwanzoni ikidai eksirei ya kawaida ilitosha, nikazungushwa kwa simu mpaka daktari alipoandika barua. Ulizeni bei kabla ya kupanda jukwaani.

Sasa hiyo ya kutembea. Kliniki ilikuwa na tangazo la chuo kikuu kutafuta watu wenye vifundo vilivyolegea, nikajiandikisha. Wenyewe wanaiita fluroskopia ya pande mbili: mitambo miwili ya eksirei inayokatiza miale yake mahali pamoja, na kamera za kasi zinazochukua picha mia au zaidi kwa sekunde.

Mbona kujisumbua hivyo? Mguu mmoja una mifupa 26, na ule ulio muhimu kuliko yote kwa shida yangu, talasi, umejificha kati ya muundi na kisigino. Hauna msuli hata mmoja ulioshikana nao, na kwa nje hakuna pa kubandika alama za kupimia. Hata mifupa inayofikika ina shida yake, kwani ngozi huteleza juu ya mfupa na kompyuta hupima mwendo wa ngozi. Watafiti wa Sweden walilikabili hilo kwa ujasiri: walichomeka pini za chuma kwenye mifupa ya miguu ya watu waliojitolea, kwa ganzi, kisha wakawatembeza. Mimi nilivalishwa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi na kola ya shingoni, basi.

Kazi yenyewe inachosha kuliko ninavyoieleza. Eneo linaloonekana ni dogo, la kutosha kifundo tu, kwa hiyo kila safari unayotembea inakupa hatua moja ya kupima. Ukikanyaga nje ya utepe uliobandikwa sakafuni, unarudia. Ukianza kuuwinda utepe kwa macho, hatua inakuwa ya bandia, wanakurudisha tena. Baadaye unapigwa CT, kila mfupa unachorwa peke yake kwa pande tatu, na programu inauzungusha mpaka kivuli chake kilalie sawasawa juu ya picha zote mbili. Inafanya hivyo picha baada ya picha, na mwanafunzi aliyekuwa akisimamia bado alikuwa anasahihisha kwa mkono. Ndiyo maana majibu huchukua miezi, lakini kosa lake halifiki milimita moja.

Nilipoonyeshwa video kwenye skrini yake nilinyamaza kidogo. Kisigino kinagusa chini, talasi inatikisika kidogo tu, halafu mfupa wa kisigino unapinduka chini yake. Miaka yote nilikuwa nafunga bandeji juu, kumbe mchezo mkubwa uko kiungo cha chini.

Ila ripoti hupewi, na daktari wangu hakuwa na pa kuiweka video hiyo. Ni utafiti. Pia unapigwa mionzi kwa faida ya wengine, kwa hiyo fomu ya ridhaa isome yote, hasa ukurasa wa dozi. Mionzi ya miguu imewahi kufanyiwa mzaha: kuanzia miaka ya 1920 maduka ya viatu ya Marekani na Uingereza yalikuwa na kisanduku cha eksirei, mtoto anaingiza miguu na mama anachungulia kama vidole vimebanwa. Jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku mwaka 1957.

CT ya kusimama naipa nyota nne, ya tano imeliwa na bima. Ya kutembea haiuzwi, siwezi kuipa nyota.

Kwa mlio nyumbani, mdogo wangu ni mtaalamu wa fiziotherapia Moshi na nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, mwambie mtu aombe eksirei ya kusimama." Mashine ni ileile ya kawaida, unapanda kwenye kibao na filamu inawekwa wima pembeni ya mguu. Haionyeshi yote inayoonyesha CT, lakini inaupiga mguu ukiwa umebeba uzito. Daktari akikuandikia fomu, hakikisha neno "amesimama" limo, maana lisipokuwepo utalazwa mezani. Na uvae kaptura au suruali pana ya kukunja.