Kipima Mwanga kwa Kamera ya Filamu: Nilichokichagua Baada ya Kuvijaribu Lamu

Assalaam aleikum, karibuni. Leo nimekaa barazani, sikukaa chumbani kama siku zote, na sababu mtaiona wenyewe. Nyuma yangu ukuta wa chokaa unapigwa jua. Mbele yangu uchochoro, kivuli kitupu. Baina ya ukuta na kivuli ni hatua nne tu, na hizo hatua nne ndizo zilizonitesa miaka miwili.

Tazameni picha hii, naisogeza karibu. Huyu ni bibi yangu, mlangoni pake, siku ya Idi. Ukuta umetoka, mlango wa nakshi umetoka, hata misumari unaweza kuihesabu. Uso wa bibi kiza. Kipima mwanga nilichotumia kilikuwa kizima, hakina kasoro, na nilifuata kilivyosema neno kwa neno. Filamu ikaenda Nairobi kusafishwa, iliporudi Idi imeshapita na bibi keshakunja buibui lake jipya. Basi video ya leo ni hiyo: una kamera ya zamani isiyo na kipima, au kipima chake kimekufa, ununue kipi kwa mwanga wa huku kwetu?

Nianze na kamera yenyewe. Hii ni Zenit-E, ya Kirusi, aina iliyoanza kutoka 1965. Hapa mbele, juu ya lenzi, mnaona hiki kidirisha chenye vijicho kama sega la nyuki. Ndicho kipima chake, ndani mna seli ya seleni. Hakitaki betri. Mwanga ukiipiga seli, unazaa umeme kidogo, na umeme ule unausukuma mshale hapa juu. Naipenda sana kazi hii. Lakini seleni huzeeka, na unyevu ukiingia ndio huimaliza, na sisi hapa chumvi tunaishi nayo mpaka kwenye bawaba za milango.

Muuzaji atakwambia, "Mshale unacheza, kipima kizima." Usikubali hapo. Mshale kucheza si ushahidi. Ushahidi ni huu: saa sita mchana, mbingu safi, weka ISO 100, yaani wepesi wa filamu kwa mwanga, elekeza kwenye kitu cha rangi ya wastani kilichopigwa jua. Kikupe f 16, yaani tundu la lenzi (namba ikikua tundu linapungua), kwa 1/125, yaani kasi ya shata kwa sehemu ya sekunde, au karibu na hapo. Kisha ingia kivulini, kivuli cha wazi kinachoona mbingu, pima tena. Kinatakiwa kishuke kama stopu tatu, na stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu, uangukie f 5.6. Changu mimi juani kinasema kweli. Kivulini kinashuka stopu tano. Maana yake nikikifuata kivulini, picha zote zitaungua kwa mwanga. Kwa hiyo kwangu kimebaki pambo, na kamera yenyewe naipiga kila wiki.

Sasa vya kununua. Kile cha kwanza nilichojaribu ni hiki kidogo kinachokaa juu ya kamera, kwenye kile kiatu cha flashi. Hiki ni Voigtländer VC Meter II, si changu, ni cha rafiki yangu, na nimekivisha Zorki 4 yake kwa sababu Zenit-E yangu haina kiatu. Unakizungusha, unabonyeza, taa ya katikati ikiwaka uko sawa. Betri zake mbili ni LR44, fundi saa anazo. Kuna na cha TTArtisan, bei nafuu zaidi, kinatumia betri ya CR2032, ile bapa. Vyote viwili vimetengenezwa vizuri, vinapendeza juu ya kamera, na kwa mtu anayetembea sokoni mikono imejaa, ni raha.

Lakini picha ya bibi ilitokana na kipima cha aina hii. Naomba mnisikilize hapa, maana ndipo penyewe.

Kipima cha namna hii kinasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Hakijui kitu ni nini. Kimetengenezwa kiamini kwamba kila kilichoko mbele yake, ukichanganya, ni kijivu cha wastani. Ukikionyesha ukuta wa chokaa, kinasema, "Mwanga mwingi huu, punguza." Kinaufanya ukuta uwe kijivu, na uso ulioko mbele ya ukuta unazama. Ukikionyesha mama aliyevaa buibui jeusi na kuijaza fremu, kinasema, "Kiza hiki, ongeza." Buibui linakuwa kijivu na uso unaungua. Sasa niambieni, Lamu kuna nini zaidi ya kuta nyeupe, kanzu nyeupe na buibui nyeusi? Mji wetu wote umesimama kwenye ncha mbili ambazo kipima hiki hakizielewi.

Maulidi ndio mtihani mkubwa. Pale wanaume wanapojipanga kucheza goma, safu nzima ya kanzu, bakora mkononi, jua la alasiri limewapiga ubavuni. Nilipima, nikapiga fremu sita. Kanzu zote sita zimetoka kama zimefuliwa kwa maji ya majivu, na nyuso huwezi kumtambua mtu. Ningeongeza stopu moja na nusu, hata mbili, ningepata kila kitu. Kipima hakikuharibika. Mimi ndiye niliyekuwa sijajua namna ya kukiuliza.

Ukiwa nacho tayari, usikitupe. Pima kitu kingine kilichoko kwenye mwanga uleule. Kiganja cha mkono kinafaa: kigeuze kwenye jua lile lililompiga mtu wako, kipime chenyewe peke yake, kisha ongeza stopu moja, kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko kijivu cha wastani. Na hapa kwetu tuna kitu ambacho wenzetu wa miji mingine wananunua dukani kwa umbo la kadi: punda. Punda wa kijivu, ubavu wake, juani. Nimemlinganisha na kadi ya kijivu mara nyingi na tofauti haifiki nusu stopu. Nikifika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, kitu cha kwanza natafuta punda aliyesimama. Napima ubavu wake, naweka kamera, simgusi tena mtu yeyote na kipima mpaka jua libadilike.

Sasa hiki ndicho changu. Sekonic L-308. Mnaona hiki kikuba cheupe hapa juu, mfano wa nusu yai? Hicho ndicho kinachobadilisha habari yote. Wazo la kikuba ni la Mmarekani aitwaye Don Norwood, tangu enzi za kabla ya hizi kamera zetu. Badala ya kusoma mwanga unaorudi, kinasoma mwanga unaoanguka. Unakwenda alipo mtu, unakiweka mbele ya uso wake, unakigeuza kikuba kiitazame kamera, unabonyeza. Kwisha. Amevaa kanzu, amevaa buibui, yuko mbele ya chokaa au mbele ya mlango mweusi, jibu ni lilelile, kwa sababu mwanga uliompiga ni uleule. Nyeupe inabaki nyeupe, nyeusi inabaki nyeusi, na ngozi zetu zinatoka rangi yake. Kivulini mimi huongeza nusu stopu kwa uso mweusi, si kwa sababu kipima kimekosea, ni kwamba napenda kuona macho.

Kuna anayeuliza: nitafikaje alipo nahodha, na jahazi liko katikati ya mlango wa bahari baina yetu na kisiwa cha Manda? Hakuna haja ya kufika. Jua lililompiga yeye ndilo lililokupiga wewe hapa gatini. Inua mkono, geuza kikuba upande uleule, pima ulipo. Kosa hutokea ukiwa uchochoroni na unayempiga yuko juani. Hapo nyoosha mkono mpaka uingie kwenye jua, au songa hatua mbili. Msiwe wavivu wa hatua mbili.

Na betri ni moja, AA. Yaani ile ya tochi, ya rimoti, ya saa ya ukutani. Usiku wa manane kijijini Shela utaipata. Hili kwangu lina uzito kuliko namba zote za kwenye boksi.

Upungufu wake? Kioo chake juani lazima ukikinge na mkono. Ni plastiki, hakina ule uzuri wa vitu vya zamani. Tena mwanga wa machweo, au tanga linalong'aa jua likiwa nyuma yake, kikuba hakiwezi kukusaidia, kwa maana mwanga unatoka kwenye kitu chenyewe. Hapo unakisukuma kikuba pembeni hivi, kinageuka kuwa kipima cha kuelekeza, kama kile cha juu ya kamera.

Ndugu yake mkubwa ni L-398A, wa mshale, hataki betri kabisa, na seli yake si seleni ya zamani. Mkononi ni mzuri ajabu. Ila mwanga ukififia, baada ya Magharibi, mshale unalala.

Vipima vya zamani vya mtumba, kama Gossen Lunasix 3, nawashauri muwe na subira. Vilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena. Ukitia ya volti 1.5 kinasoma uongo, na uongo wenyewe haukai mahali pamoja.

Programu ya simu je? Anza nayo, haina gharama, itakufundisha. Lakini nayo inatumia kamera ya simu, kwa hiyo inasoma mwanga unaorudi, na yale ya ukuta na kanzu yatakupata vilevile. Kumbuka kiganja, kumbuka punda.

Jambo moja la mwisho kwa wenye Zenit-E. Kasi yake kubwa ni 1/500, na lenzi yake ya Helios inafunga mpaka f 16. Ukitia filamu ya ISO 400, mathalani HP5, jua la mchana tayari limekufikisha ukingoni: 1/500, f 16. Ukishuka Shela kwenye mchanga mweupe kipima kitakudai f 22, na huna. Filamu ya negativu itakuvumilia stopu moja ya ziada, hata mbili, lakini kwa pwani tia ISO 100. Halafu shata za umri huu, ile 1/500 mara nyingi si 1/500 tena. Ndiyo maana simshauri mtu atoe pesa nyingi kwa kipima kinachosoma moja ya kumi ya stopu, wala kile cha kulenga doa la digrii moja, hasa kama ndio kwanza anaanza. Nunua chenye kikuba, pesa inayobaki nunua filamu.

Ngojeni, naona mzee wetu anapita, na kofia yake ya vito. Shikamoo mzee. Utaniruhusu picha moja, hapo hapo kivulini? Ahsante. Naja na hiki kidude mbele ya uso, usinichukie. Haya. ISO 100, 1/125... f 5.6. Nafungua nusu stopu kwa ajili ya macho. Tulia hivyo hivyo, mzee.